Sentimita Mbili za Sekela

Mtaani kwetu umri hauhesabiwi tena kwa miaka. Unahesabiwa kwa sentimita, na mfupi humwamkia mrefu. Ndiyo maana Sekela, binti yangu wa kwanza, alikuwa akimpa shikamoo mdogo wake aliyempita kimo kila asubuhi. Nilisikia hayo nikikoroga uji, moyo ukiniuma.

Minyoo ndiyo iliyomdumaza. Dawa nilimpa, tena mara mbili. Lakini alimeza peke yake, kisha akarudi kuchezea mchanga uleule na wenzake ambao hawakumeza. Safari hii nikagonga milango yote.

"Wangu wanene, Mama Sekela. Hiyo minyoo itakaa wapi?" jirani yangu Bupe alinicheka.

"Itahamia kwa wangu, dada. Naomba tumeze wote siku moja."

Tukameza wote, hata Bupe, kakunja uso kama mtoto.

Jana, miezi minane baadaye, mlingoti wa mtaa wa kupimia kimo ulimtangaza Sekela kuwa mkubwa kuliko mdogo wake kwa sentimita mbili. Vigelegele mtaa mzima! Mdogo wake Ambakisye akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba!" Sekela akaitikia, nadhani hata sokoni walisikia.

Nikambeba mabegani. Huko juu akaniuliza, "Mama, siku nikikupita wewe, utaniamkia?"

"Nitakuamkia, mwanangu," nikasema huku nacheka.

Mimi ni mfupi. Utotoni dawa hiyo haikunifikia. Sekela hatangoja sana kunipita. Njia nzima nikawa nalijaribu lile neno "shikamoo" kimoyomoyo, nione litanitokaje.