Mistari Myekundu Ukutani

Mistari myekundu ukutani ilianza kucheza tena, na Mwalimu Severini akatoka mbio kwenda jikoni kwa mpishi wa shule.

"Shikamoo, Bi Batuli. Hicho kinu, nakuomba."

"Marahaba, mwalimu. Haya, na leo nimekosa nini?"

"Unanitikisia nyota."

Bi Batuli akausimamisha mchi hewani. "Nyota ilipuke huko mbinguni, kesi ije kujibiwa na kisamvu cha hapa Tingi?"

Siku nyingine angecheka. Leo hapana. Saa nane majaji wa mashindano ya sayansi wanaingia kutoka Lindi, na mistari isipotulia dakika moja nzima, safari ya mwanafunzi wake Sada kwenda fainali za Dodoma imekufa.

Kifaa kilikuwa cha Sada mwenyewe, wa kidato cha tatu. Taa ya leza, vioo viwili vya kujitazamia, kipande cha kioo cha dirisha, vyote vimebandikwa juu ya meza ya maabara. Mwanga unagawanyika, unakwenda, unarudi, unachora mistari ukutani. Meza ikishtuka kidogo tu, mistari inacheza. Ndivyo inavyofanya kazi ile mitambo mikubwa ya ng'ambo inayovizia mitikisiko ya nyota zinazolipuka.

"Mtikisiko wa nyota ukifika huku umeshakuwa mdogo, hauonekani kwa jicho," mwalimu alizoea kuwaambia. "Kwa hiyo kabla hujasema ni nyota, jua kwanza nani anatikisa humu ndani."

Tangu Jumatatu alikuwa anamsaka huyo mtikisaji. Amefukuza mbuzi wa jirani. Amezima pangaboi. Kidato cha kwanza wote wamepigwa marufuku kukimbia. Lori la ufuta likipita, anangoja mpaka liishilie kuelekea Nangurukuru, ndipo anarudi kuketi.

Alirudi sasa, akavuta kiti, akaegemea meza, akakodolea ukuta macho. Mistari inacheza.

"Bi Batuli bado anatwanga?"

"Ameacha, mwalimu," Sada akasema. Akamsogezea chai, nusu kikombe kama siku zote. "Si ukapunge upepo nje kidogo? Ikitulia nitakuita."

"Nitoke sasa hivi, binti? Andika ubaoni majina ya sehemu za kifaa, majaji wayaone."

Siku hizi ubaoni alikuwa anaandika Sada. Mwalimu alisema ni mazoezi.

Saa nane kasoro dakika tano, honi ikalia barabarani. Mwalimu akachomoka kutazama. Nje ya dirisha akajikwaa kwenye kiti kitupu. Nani tena kaacha kiti hapa? Akakisukuma kando, akachungulia barabarani. Siyo majaji. Ni lori jingine la ufuta, tena linapita na mngurumo wake wote. Jikoni Bi Batuli amechoka kungoja, anatwanga kama kawaida. Mbuzi nao wamerudi, wanajikuna kwenye ukuta wa maabara.

"Yametimia," mwalimu akajisemea, akageukia dirisha aone maafa.

Mistari ilikuwa imetulia. Imetulia kama iliyochorwa kwa rangi.

Akahesabu kimoyomoyo mpaka sitini. Lori likapita, mchi ukalia, mbuzi wakajikuna. Hakuna mstari hata mmoja uliosogea.

Aliingia mbio, meno yote nje. "Imetulia, Sada! Dodoma hiyo!" Akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akauweka mezani avute pumzi.

Mistari ikaanza kucheza.

Gari la majaji likaingia getini. Sada hakuutazama ukuta wala gari; aliutazama ule mkono unavyotetemeka mezani.

"Mwalimu," akasema taratibu, "kile kiti cha dirishani ni chako. Nilikuwekea tangu Jumatatu."