Mgeni wa Mheshimiwa

Helikopta ilikuwa imeshainuka meya alipomwona katibu wake akikimbia uwanjani, tai ya shingoni imemrukia begani, akipunga mikono yote miwili. Meya naye akampungia. Mtu mwenye adabu yule, akawaza, hata kuaga anaaga kwa mikono miwili.

Alikuwa amemwacha chini makusudi. Mazungumzo ya hoteli iliyotaka kujengwa ufukoni hayakuhitaji masikio ya ziada, hasa yakifika kwenye fungu lake yeye meya, lile lisiloandikwa popote. Uchaguzi ulikuwa mlangoni. Chama kilikuwa kimeanza kumtazama kama mtu anavyotazama kiatu kilichotoboka, na hoteli hiyo ndiyo ingemshonea soli.

Kampuni ya hoteli ilisema itamleta mwakilishi. Haikusema ni mwanamke. Meya alikuwa amemkuta amesimama peke yake kando ya helikopta, kaukumbatia mkoba wa kitambaa upepo usimpokonye, kavaa gauni la kawaida na raba zilizofuliwa mpaka zikapoteza rangi. Alipomwuliza kama ndiye mgeni, mama yule alijibu kwamba ameambiwa asubiri pale. Meya akamshika mkono, akampandisha. Zile raba hazikumshangaza hata kidogo. Wenye vijisenti ndio hujipamba. Wenye pesa zenyewe huvaa kama wanakwenda kuchota maji.

Akamwuliza, kupitia vile vidude vya masikioni, kama amewahi kuupanda usafiri huu.

"Hapana, mheshimiwa. Ndiyo mara ya kwanza."

Meya akacheka kwa heshima. Matajiri kwa utani, akawaza, hawajambo.

Akamtembeza mji. Akamwonyesha bandari, mnara wa taa, ufuo wa wageni, na jengo la halmashauri lenye saa iliyokata roho miaka mingi iliyopita, ingawa hilo la saa hakulitaja. Walipofika juu ya bomba linalotapika maji machafu baharini, alimwonyesha mawingu ya upande wa pili, akayasifia sana. Mgeni alikuwa akiitikia tu, "ehe" na "kumbe", macho yakihangaika chini kama aliyedondosha sindano.

Kisha wakafika kwenye mlango wa mto, ambako mabati ya kutu yalibanana mpaka kwenye maji. Hapo mgeni aliinama hadi paji la uso likagusa kioo. Akamwomba rubani, kwa sauti ya unyenyekevu, ashuke kidogo kama inawezekana. Akatoa simu. Akapiga picha moja, akapiga ya pili, kisha akawa anapiga tu.

Moyo wa meya ukacheza. Kiwanja kimempendeza huyu.

"Usiyatazame hayo mabati, mama," alisema. "Tazama kilicho chini yake. Mchanga mweupe, maji matulivu. Hapa unaweka bwawa la kuogelea, pale unaweka baa."

"Na watu?"

"Watu gani?"

"Waliomo ndani ya mabati."

Meya alimtoa hofu. Wale, alieleza, si watu wa kumnyima mtu usingizi. Wataambiwa bahari inapanda, na mtaalamu wa kuwaambia hivyo ameshapatikana. Wenye vichwa vigumu watapelekwa nyuma ya machimbo ya mawe. Ni kweli huko maji ya bomba hayajafika, lakini watu wale wamezoea ndoo, na ndoo haichagui njia.

"Wenyewe wanajua?"

"Watajua tingatinga likibisha hodi."

Alicheka peke yake. Mgeni alikuwa ameishusha simu mapajani, ametulia tuli. Meya alikijua kimya hicho. Ndivyo wafanyabiashara wanavyopiga hesabu. Akaona asimwache apoe. Akamwambia mambo ambayo hata mkewe hakuwahi kuambiwa: kwamba madiwani wenye kelele wameshalainishwa, kwamba walinzi watakuja na mbwa, kwamba shule iliyomo mle itahesabiwa kuwa ghala ili isizue maneno.

"Hata shule?" mgeni aliuliza polepole.

"Hata shule, mama. Wewe usiwe na wasiwasi wowote."

Ndipo mgeni akauliza ni lini. Swali hilo lilimfurahisha meya kuliko yote, maana watu makini huuliza lini. Akaitaja siku, akaongeza kuwa itakuwa alfajiri, kabla hawajapangusa tongotongo. Mgeni akatazama nje mpaka wanashuka, midomo ikichezacheza kidogo, kama mtu anayejikariria jambo asilisahau.

Walipotua, meya aliruka chini wa kwanza, akampokea mgeni kwa mikono miwili. Mapanga ya helikopta yalikuwa bado yanazunguka, ikabidi wainamishe vichwa na kusogea pembeni. Mgeni alimshukuru sana. Alisema hakudhani maishani mwake angekuja kuyaona mambo yote yale kwa uwazi namna ile. Meya akajibu kuwa huo ni wajibu wake kwa wageni. Kisha, akilini fungu lake likimwasha kama upele, akauliza ni lini atakutanishwa na watu wa mgeni, ili mambo yasilale.

"Watu wangu wako tayari hata leo, mheshimiwa," mama yule alisema, akiutundika mkoba begani. "Ila watanihoji, maana wanajua mimi tiketi hii ya helikopta niliishinda tu kwenye bahati nasibu ya sabuni ya kufulia, nikaomba nipitishwe juu ya kwetu nilione bati langu. Sasa hebu nitajie tena taratibu ile siku ya tingatinga, wasije wakasema nilisikia vibaya."