Midomo ya Mama

Picha ya kuchorwa ikichakaa, sheria inataka ichomwe, kisha mashine iichore upya kwa kufuata maneno ya mhakiki aliyewahi kuandika kuihusu. Ndiyo maana marehemu baba yangu, mhakiki Mzee Kaijage, anaheshimiwa mpaka leo. Alizieleza picha kwa ufasaha hata msomaji akadhani anaziona.

Juzi ikafika zamu ya picha ya mama, ile ya sebuleni. Alichorwa mwezi tuliomzika kaka yangu, midomo ameibana kama mtu anayezuia kilio. Baba, katika insha yake, aliiita midomo inayokaribia kucheka. Sidhani kama alikusudia kudanganya. Alimpenda mama, akaandika alichotamani kukiona.

Picha mpya ililetwa jana mchana. Mama anakaribia kucheka.

"Kumbe bibi alikuwa mchangamfu hivi," alisema binti yangu Kemilembe, akiiweka sawa ukutani.

"Siku ile hakuwa hivyo."

"Lakini mama, babu ndiye aliyeandika. Wewe ulikuwa mdogo."

Nikampigia simu ofisa wa picha, nikaomba midomo irekebishwe. Akaniuliza kwa upole kama nina maandishi ya mhakiki mwingine. Sina. Nina kumbukumbu tu.

Nikakaa, nikafumba macho, nikamtafuta mama yangu wa siku zile za msiba. Akaja, amejifunga kanga ile ile ya pichani. Akanitazama, akakaribia kucheka.