Vitana vya Nungunungu Ng'ambo ya Mto

Enzi hizo wanyama walipokuwa na viwanda, Nungunungu aliunda vitana kwa miiba yake mwenyewe. Vilitoka vimepinda, lakini kobe wa ng'ambo ya mto walivigombania. Akaingiwa na tamaa, akabuni mashine ya kuvinyoosha, akajing'oa miiba yote, akavusha shehena nzima. Ikarudishwa yote.

Akavuka mwenyewe, mgongo mtupu.

"Mzee Kobe, hivi si bora kuliko vya zamani? Vina kasoro gani?"

"Vimenyooka. Vile vilivyopinda vilifika chini ya gamba, tukajikuna raha mustarehe."

"Kujikuna! Kwani kitana si cha kuchania nywele?"

Kobe akachomoza kichwa, akakiinamisha mbele yake, upara uking'aa.

"Haya, mwanangu. Nionyeshe pa kuanzia."