Mchoro Wenye Baiskeli

Hamphrey alijitafuta kwenye ile karatasi tangu juu hadi chini, hakujiona.

Kulikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa GHALA na kingine kilichoandikwa OFISI. Kati yao mstari mmoja mnyoofu, kama kamba ya kuanikia isiyo na nguo. Hildegardi, karani wa hesabu, alikuwa ameuchora mchoro huo kwa programu mpya ya kompyuta, na printa ilikuwa imeutoa safi.

"Mimi niko wapi hapa?" Hamphrey akauliza.

"Uko kwenye mstari, mtani."

"Mstari gani? Hakuna waya wowote kutoka ghalani mpaka hapa. Kuna mimi na baiskeli."

Ilikuwa kweli tupu. Kampuni ilikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikaa ghalani, nje kidogo ya mji wa Mbinga, kwenye mizani ya kahawa. Nyingine ilikaa mezani kwa Hildegardi. Kila jioni Hamphrey alitia diskete yenye hesabu ya siku kwenye mfuko wa shati, akaupanda mlima na baiskeli yake, akaileta. Kompyuta yenyewe hakujua hata kuiwasha. Lakini asipopita yeye, ofisi haikujua siku ile zimepimwa kilo ngapi.

Sasa mtaalamu alikuwa anakuja kutoka Dar es Salaam, na alitaka kuona mfumo wote umechorwa: hesabu inaanzia wapi, inapita wapi, inaishia wapi. Tangu soko huria liingie, wanunuzi wa kahawa walikuwa wamejaa mjini, na kila kampuni ilikuwa inapunguza watu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Asiyekuwemo mchoroni, arudi kwao.

Kwao Hamphrey ni Liuli, kando ya Ziwa Nyasa. Nyavu alikwisha kuziuza, mtumbwi alikuwa nao shemeji yake. Angerudi kule na mkewe Emiliana na watoto kufanya nini? Kuomba dagaa usipa wa mboga kwa watu aliowaaga kwa majigambo?

Meneja, Bwana Joakim, hakuwa ameamua wachore kwa chombo gani. "Kila mtu achore kwa anachokiweza," alisema. "Nitachagua mmoja wa kumpa mgeni."

Damiano, mtunza ghala, alitumia kibao cha plastiki chenye matundu ya miraba na duara. Mchoro wake ulifanana na wa Hildegardi, ila ulikuwa umepinda.

"Kibao hakina tundu la mtu," alijitetea.

Hamphrey akamgeukia Hildegardi. "Na programu yako je? Nayo haina mtu?"

"Inaye." Hildegardi alitupa jicho kwenye mlango wa meneja, uliokuwa wazi, akashusha sauti. "Lakini wewe kaa nje ya hii picha. Nisikilize, mtani. Nakufuta kwa wema."

"Kwa wema!" Hamphrey alicheka kwa hasira. "Wivu tu nyie watu wa milimani. Mnyasa akipata kazi ya maana, mnamfuta."

"Haya, Mnyasa. Mimi nimesema."

Hamphrey akanunua karatasi ya manila, penseli na kalamu nyekundu. Nyumbani alisukuma vyombo pembeni, akaitandaza mezani, akachora. Penseli haikumnyima kitu. Alichora ghala na mizani yake, barabara nyekundu ikipanda, mashamba ya ngolo na vishimo vyake mtelemkoni, na katikati kabisa mtu juu ya baiskeli, diskete inachungulia mfukoni. Chini yake akaandika jina lake kwa herufi kubwa.

Emiliana alikuja kuangalia, sufuria mkononi. "Mbona umejichora mnene hivyo, baba? Watadhani mshahara unatosha."

"Wacha. Wanione."

Siku ya kuchagua, Bwana Joakim aliiweka michoro yote mitatu mbele yake. Hakukawia. Aligonga manila kwa kidole.

"Huu. Programu inaficha, kibao kinaficha. Mkono wa mtu hauna cha kuficha." Akainuka, akampa Hamphrey mkono. "Umefanya kazi, bwana."

Hamphrey alimtazama Hildegardi apate kumcheka. Hildegardi alikuwa ameinuka anatoka nje, na hakurudi mpaka chai yake ikapoa.

Mgeni alifika na mwenzake. Huyo mwenzake alivuta kiti, akakaa karibu na mlango. Mgeni alitandaza manila mezani, wote wakasimama kuizunguka.

"Mzee Hamphrey, kumbe ni wewe huyu. Hebu nieleze. Ghalani diskete anaishika nani?"

"Damiano anaichomoa kwenye mashine mbele yangu, ananikabidhi."

"Ukishaipokea, kuna mwingine anayeigusa kabla ya kufika hapa?"

"Hakuna. Mvua inyeshe, tope lifike magotini, ni mimi peke yangu."

"Hujawahi kumwachia mtu, hata siku ya ugonjwa?"

"Sijawahi." Hamphrey alijiona anarefuka. Alimtazama Bwana Joakim, naye akatikisa kichwa kukubali. "Naumwa na nakuja. Nikikosekana mimi, bwana mkubwa, mfumo wote umekatika."

"Kwa hiyo kati ya ghala na ofisi kuna mtu mmoja tu."

"Mmoja tu. Muulize yeyote hapa."

Mgeni hakumuuliza yeyote. Damiano aliinamisha kichwa. Hildegardi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Mgeni aliikunja manila polepole, akaitia kwapani. "Kahawa ikiandikwa ghalani, kilo zinakuwa kamili," alisema. "Zikisomwa hapa, zimepungua." Kisha akamgeukia yule wa mlangoni.

"Afande, ni huyu."