Mzinga Unaotaka Chuki

Siku hizi jeshi la wanamaji linapokodi boti za wavuvi kulinda ziwa, kila boti hufungwa mzinga unaosoma moyo wa mpigaji kupitia kiganja chake. Asiye na chuki hata abonyeze vipi, haufyatuki. Ndiyo maana walimkodi Mwavita na boti yake. Mwanawe Hamimu alizamishwa na meli ya adui, naye aliapa hatakufa kabla hajaizamisha meli ile.

Basi chuki ikawa kazi ya nyumbani. Alimkataza Tausi, mjane wa Hamimu, asiimbe wala asikaribishe wageni wenye mizaha. Shati la marehemu halikufuliwa. Mwavita alilinusa kila alipokwenda doria.

Asubuhi moja meli ile ikatokea. Mwavita aliweka kiganja, mzinga ukaitika, meli ikapasuka. Watu walielea wakiomba msaada. Mwavita aligeuza boti akawaacha.

"Kaombeni kwa Hamimu," alisema.

Nyumbani alimkuta Tausi akimwimbia mtoto kwa woga.

"Mama, nimesikia habari," Tausi alisema. "Tumeshalipiza. Niache nimbembeleze mwanangu."

"Mbembeleze tu."

Tausi akaendelea kuimba. Mtoto akamnyooshea bibi yake mikono. Mwavita alimpakata, akangoja moyo ulainike kama zamani. Haukulainika. Alimtazama mtoto usoni kwa muda, kisha akamsogeza karibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema kwa upole, "nikusimulie walivyomuua baba yako."

Tausi akaacha kuimba.