Kila Mwiba Ulikotoka

Zamani hizo Nyani na Ngedere waligombania mkuyu mmoja, na Nungunungu akaona riziki imemfuata mlangoni. Asubuhi aling'oa miiba mgongoni mwake akawauzia Nyani, jioni akawauzia Ngedere. Vita vilipotaka kupoa alipita kila upande na maneno ya uchochezi, vikawaka upya. Ghala lake likafurika mihogo.

"Shangazi, mgongo wako umeanza kung'aa," mteja mmoja alimwambia.

"Itaota mingine. Vita haviningoji." Akauza hata ya mwisho.

Siku moja makelele yalikoma ghafla. Nungunungu alichungulia nje. Nyani na Ngedere walikuwa wakija pamoja, kimya, kila mmoja ameshika mwiba. Aliyetangulia alikuwa bibi kizee wa Nyani.

"Kwetu maiti hazikwi na kilichomuua," alisema. "Tunakitoa, tunamrudishia mwenyewe. Huu nimeutoa kifuani mwa mwanangu. Mwenzangu Ngedere ametoa wake kifuani mwa mwanawe. Tulipoiweka pamoja, tukaona ni ya mgongo mmoja."

"Bibi, mimi sikumchoma mtu. Mimi nauza tu."

"Tunajua. Ndiyo maana tumekuletea mali yako, kila mwiba tuurudishe ulikotoka."

Wakasogea. Nungunungu akawageuzia mgongo, kama nungunungu wote wafanyavyo wakitishwa, akautikisa kwa nguvu ili miiba ilie.

Haukulia hata mmoja.